Kupanda Heru Juu kwa Baiskeli

Akina mama wenzetu wa Kibondo na Kasulu hawahitaji kuelezwa mlima ni nini. Huku kwetu baiskeli ndiyo gari la nyumba nyingi. Hubeba mkungu wa ndizi, gunia la mkaa, dumu la mawese, mgonjwa, hata mama mjamzito anayewahi kliniki. Lakini baba, mama na watoto kupanda mlima kwa baiskeli kwa ajili ya matembezi tu? Wengi hucheka wakisikia.

Likizo ya Juni tulitoka Kibondo kwa basi kwenda Kasulu kusalimia ndugu. Tukaazima baiskeli tatu, tukapanda Heru Juu. Tulitaka watoto wapaone mahali palipokuwa na mtawala mwanamke, Mwami Theresa Ntare, kabla ya uchifu kufutwa nchini mwaka 1963. Mdogo, mwenye miaka 6, alikaa kwenye keria ya baba yake, wa katikati kwenye keria ya mama, na binti yetu wa miaka 14 aliendesha peke yake.

Hapo ndipo shangazi alipojishika kiuno. "Mwanangu, msichana na mlima wapi na wapi?"

Hatukubishana naye. Tulimweleza habari za jirani zetu wa Rwanda. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika. Wanawake walikimbia kilomita 164.6 kwenye vilima kama hivi vyetu, wakirudia mara nyingi kupanda Kimihurura, barabara iliyotandikwa mawe. Alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hao wote wameolewa.

Tuliwaambia watoto tangu chini kwamba mlima ukiwa mkali, tunashuka na kukokota. Wako akina baba wanaoona haya mke akishuka kwenye keria, kana kwamba miguu yao imedharauliwa. Waingereza wawili, Richard na Nicholas Crane, walipanda Kilimanjaro na baiskeli na kuandika kitabu mwaka 1985. Hata wao sehemu nyingine walizibeba baiskeli mabegani! Basi kukokota kwenye changarawe ya Kasulu kuna aibu gani?

Tena salamu zetu Waha ni dawa ya mlima. Kila tuliyekutana naye ilibidi tusimame, tupige makofi, tuulizane habari za nyumbani mpaka za mifugo. Mlipomaliza, pumzi imesharudi.

Kwa mama, kipimo rahisi ni hiki: ukishindwa kusema sentensi moja bila kukatika pumzi, shuka. Katika mkoa wetu wenye malaria, akina mama wengi wana upungufu wa damu bila kujua. Ukichoka kuliko wenzako, moyo ukikudunda hata baada ya kupumzika, ukaona kizunguzungu, usilaumu uvivu wala umri. Nenda kapimwe damu. Mjamzito asiendeshe mlimani, hatari yake kubwa ni kuanguka. Aliyejifungua asubiri angalau wiki 6 na aangaliwe kliniki kwanza. Aliyepasuliwa asubiri zaidi, mpaka mganga amruhusu.

Juu tulikaa karibu saa nzima, tukala mihogo na karanga, tukitazama vilima vikifuatana kuelekea upande wa Burundi. Watoto hawakutaka kuondoka.

Kupanda huchosha, lakini kushuka ndiko kunakovunja watu. Baba watoto alitaka tuteremke wote juu ya baiskeli, kwa kuwa jua lilikuwa linashuka. Mama akakataa katakata mtoto asikae kwenye keria katika mteremko ule wenye kona. Tulibishana kidogo, pembeni, watoto wasisikie. Mwisho wadogo wote wawili walitembea mpaka mteremko ulipolegea, na tukafika mjini giza limeingia. Shangazi alinuna kwa sababu chakula kilipoa.

Sisi wauguzi tunajua kwa nini mama yule alikataa. Mguu wa mtoto ukiingia kwenye spoku, gurudumu huuvuta na kuusaga kisigino. Mara nyingi jeraha la siku ya kwanza linaonekana dogo, halafu baada ya siku chache ngozi inageuka nyeusi na kufa. Tulikuwa tumekata vipande vya dumu kuukuu la plastiki na kuvifunga kwa waya pande zote mbili za gurudumu la nyuma, kuziba spoku. Ni kazi ya nusu saa, bila gharama. Watoto walivaa viatu vya kufunika kisigino, si ndala. Raba za breki tulizikagua asubuhi, moja tukaibadilisha. Wakati wa mvua kumbukeni kwamba rimu ikilowa breki hazishiki vizuri, kwa hiyo mteremko ni wa kukokota.

Likitokea la kutokea, usiuvute mguu kwa nguvu. Simamisha gurudumu, lirudishe nyuma taratibu, hata kata spoku ikibidi. Osha jeraha kwa maji safi mengi, funika kwa kitambaa safi, usipake majivu wala mafuta ya breki. Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama anatembea, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.