Ajira ya Mitambo ya Baharini Ianze Kutafutwa Songwe

Tunduma ni mji wa malori. Magari yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni ndefu kuelekea mpakani, na vijana wa mji hujitafutia riziki humo humo: wengine hupakia na kupakua mizigo, wengine hubadilisha fedha, wengine huuza maji na vyakula kwa madereva wanaosubiri. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Msomaji wa Unguja au Pemba ana haki ya kuuliza tunatafuta nini Tunduma, ilhali tumekusudia kuzungumzia kazi katika mitambo inayochimba gesi baharini.

Jibu liko kaskazini ya mji huo, katika Wilaya ya Momba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Huko kumechimbwa visima virefu, tena si mara moja. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba visima viwili vya kutafuta mafuta katika bonde hilo, kimoja Ivuna na kingine Galula. Mafuta ya kuuzwa hayakupatikana. Miaka mingi ikapita, kisha wachimbaji wakarudi, safari hii wakitafuta heli, gesi inayotumika kupoza mashine kubwa za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili. Kampuni ya Helium One ilianza kuchimba bondeni mwaka 2021, na mwaka 2024 kisima chake cha Itumbula kikatoa heli. Mwaka 2025 kampuni hiyo ikapewa leseni ya uchimbaji kwa eneo la kilomita za mraba 480.

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hauna bahari. Lakini umewahi kuwa na kitu ambacho visiwa vyetu vinakisubiri kwa hamu: mtambo wa kuchimbia unaofanya kazi na watu wanaouhudumia. Tunapenda kueleza hapa kwamba kijana anayetaka kazi ya kwanza katika mitambo ya baharini asingoje mtambo ufike mbele ya macho yake. Aanzie nchi kavu, na Serikali zetu mbili zimfungulie njia.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe, maana wengi huisikia kwa mbali na kuipamba. Katika jukwaa au meli ya kuchimbia, mtu asiye na uzoefu huanza kama kibarua wa sitaha. Hufagia na kuosha sitaha, hukwangua kutu na kupaka rangi, hufunga kamba za mizigo inayonyanyuliwa na kreni, hupanga mabomba, hubeba magunia ya madawa yanayochanganywa katika matope ya kuchimbia. Akionekana makini, hupandishwa kwenda sakafu ya mtambo, mahali ambapo mabomba huunganishwa moja baada ya jingine na kuteremshwa pamoja na kekee hadi chini ya ardhi. Juu yake wapo anayefanya kazi katika mnara, mchimbaji anayeshika usukani wa mtambo, na msimamizi wa mtambo mzima. Wengi walioshika madaraka hayo duniani walianzia na ufagio.

Zamu ni ya saa kumi na mbili, mchana au usiku, bila Ijumaa wala Jumapili. Mtu hukaa majini wiki mbili, wiki tatu au wiki nne, ndipo hurudi nyumbani kupumzika. Kelele ni nyingi, vyuma ni vizito, na kosa la mtu mmoja laweza kuwaua wengi. Asiyeyaweza hayo aliambiwe mapema, ili nafasi yake apewe mwingine.

Jambo la pili, ambalo limewapotezea vijana wengi muda na nauli, ni kutojua nani huajiri. Kijana huandika barua kwa shirika la umma au kwa kampuni kubwa ya kigeni ambayo jina lake limesikika redioni, kisha hungoja jibu lisilokuja. Kampuni yenye leseni kwa kawaida haina mtambo. Hukodi meli au jukwaa kutoka kwa mkandarasi wa kuchimba, na mkandarasi huyo ndiye mwajiri wa vibarua wa sitaha. Matope, saruji na vipimo huwa chini ya kampuni nyingine. Wapishi, madobi na wasafishaji wa vyumba huajiriwa na mkandarasi wa chakula na malazi. Meli ndogo zinazopeleka shehena zina wenyewe na mabaharia wao. Katika watu zaidi ya mia moja wanaolala juu ya mtambo mmoja, wanaolipwa moja kwa moja na mwenye leseni ni wachache. Barua ya kazi, basi, iende kwa mwenye ufagio.

Jambo la tatu ni vyeti. Tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini liliwaka moto na watu 167 wakafa. Tangu maafa hayo, usalama wa mitambo ya baharini uliwekewa masharti makali zaidi, na leo mtu hapandi helikopta kwenda kazini kabla hajathibitisha mambo mawili. La kwanza ni cheti cha afya kutoka kwa daktari anayetambuliwa. La pili ni cheti cha mafunzo ya awali ya usalama: kuzima moto, huduma ya kwanza, kujiokoa majini, na kutoka ndani ya kibanda kinachofanana na helikopta kikiwa kimepinduliwa chini ya maji. Mafunzo yenyewe huchukua siku chache tu na cheti hudumu miaka minne, lakini ada yake ni kubwa kwa mtoto wa mkulima au mvuvi, na pale mafunzo yasipopatikana nchini, huongezeka nauli na malazi ya ugenini. Hapo ndipo wengi hukwama. Mwajiri hataki kumlipia asiyemjua, na kijana hana cha kujilipia mpaka aajiriwe.

Tuitazame sasa historia yetu wenyewe. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982. Kuanzia mwaka 2010 kukafuatana habari za gesi katika kina kirefu cha bahari, mbele ya Lindi na Mtwara, na mwaka 2012 ikapatikana Zafarani, mahali ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya mita 2,000. Meli za kuchimbia zikawa katika maji yetu, na kila moja ikikodiwa kwa mamia ya maelfu ya dola kwa siku. Mwenye kulipa fedha hizo hana subira ya kumfundisha mtu kutofautisha bomba na bomba. Huleta watu waliokwisha iva, kazi ikamalizika, meli ikang'oa nanga. Baada ya bei ya mafuta kuporomoka mwaka 2014, na mazungumzo ya kiwanda cha kusindika gesi Lindi kurefuka, uchimbaji huo wa kina kirefu ulififia. Msimu ulikuwa wa miaka michache tu. Aliyeanza kujiandaa siku meli ilipofika aliikosa.

Uchungu wa kukosa tumeuona pia. Mwaka 2013 Mtwara iliingia katika ghasia juu ya bomba la gesi, na watu wakapoteza maisha. Sababu zake zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ilikuwa hofu ya wananchi kwamba mali iliyotoka mlangoni mwao ingewapita bila kuwaachia kazi. Hofu kama hiyo haiondolewi kwa hotuba. Huondolewa na vijana wanaoonekana wakienda zamu na kurudi.

Visiwa navyo vina habari yake. Wachimbaji waliwahi kuchimba Unguja katika miaka ya 1950 na Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakaondoka. Mwaka 2016 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya mafuta na gesi ya Zanzibar, na Oktoba 2018 ukatiwa saini mkataba na kampuni ya RAK Gas kuhusu kitalu cha Pemba na Zanzibar. Mkataba wa kugawana mazao ni jambo kubwa, lakini hauchimbi kisima kwa siku moja. Kati ya saini na kekee kupita miaka ni desturi ya kazi hii duniani kote. Swali kwa wenye dhamana ni hili: miaka hiyo ya kungoja vijana wanaitumiaje?

Majirani zetu wa Uganda waligundua mafuta ya Ziwa Albert mwaka 2006. Hawakungoja mtambo. Walianzisha chuo cha mafuta Kigumba miaka michache baadaye, wakaweka daftari la taifa la watu wenye ujuzi wa kazi za mafuta na gesi, na uchimbaji wa visima vya uzalishaji ulipoanza Kingfisher mwaka 2023, walikuwa na mafundi wa kuwataja. Hatusemi kwamba kila Mganda aliyefundishwa alipata kazi. Tunasema mafunzo yalitangulia, na huo ndio mpango unaofaa.

Sasa turudi Momba. Kijana wa Pemba anaijua bahari: anaogelea, haogopi mawimbi, amezoea kamba na nanga. Lakini mtambo hajauona. Kijana wa Momba aweza kuuona mtambo karibu na kwao, lakini bahari kwake ni hadithi. Kila mmoja ana nusu ya sifa inayotakiwa na amekosa nusu ya mwenzake. Mtambo wa nchi kavu, ingawa ni mdogo, unatumia mabomba, matope, kekee na kanuni za usalama zinazofanana na za baharini. Kijana aliyemaliza miezi sita katika mtambo kama ule wa Itumbula huwa na barua ya kuonyesha kwa mkandarasi wa meli, na barua hiyo ndiyo uzoefu ambao matangazo ya kazi huudai na ambao hakuna chuo kinachoutoa darasani.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa viongozi wa pande zote mbili mambo manne.

Kwanza, nafasi za mafunzo ya vitendo ziombwe na ziandikwe katika mipango ya kampuni. Kanuni za mwaka 2017 kwa upande wa petroli na za mwaka 2018 kwa upande wa madini zinazitaka kampuni ziwasilishe mipango ya kuajiri na kuwafundisha Watanzania. Heli imo chini ya sheria za madini. Idadi ya wanafunzi watakaokaa mtambowoni iwe ni sharti linalohesabika, lisiwe neno la heshima tu.

Pili, kuwe na kubadilishana. Vituo vya Mafunzo ya Amali vya Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Vitongoji, pamoja na vyuo vya VETA vya Mbeya, Lindi na Mtwara, vichague vijana wenye ufundi wa kuchomelea, umeme au mitambo. Wa visiwani wapelekwe bara pale mtambo unapofanya kazi. Wa Songwe waletwe pwani kujifunza kuogelea na misingi ya ubaharia, kazi ambayo Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam kinaifundisha.

Tatu, gharama ya cheti cha usalama iwe mkopo, nao urejeshwe kwa mshahara. Mkopo huo ni mdogo ukilinganishwa na hasara ya kuikosa kazi ya miaka thelathini.

Nne, orodha ya kazi za ngazi ya chini na sifa zake ibandikwe katika ofisi za shehia na za vijiji, kwa Kiswahili, kabla mtambo haujafika. Anayejua kinachotakiwa huanza kukitafuta mapema.

Kwa vijana wenyewe tuna neno la tahadhari. Pamoja na habari za gesi huja matapeli. Hujiita mawakala, huonyesha picha za majukwaa, huahidi mishahara ya dola, kisha hutaka fedha ya fomu, ya viza au ya vipimo. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unamkataza wakala kumtoza baharia ada kwa kumpatia kazi, na mwajiri wa kweli hauzi nafasi. Ada ya mafunzo hulipwa chuoni kwa stakabadhi, na cheti huthibitishwa kwa aliyekitoa. Anayetaka malipo ya ajira kwa simu aripotiwe polisi siku hiyo hiyo.

Aidha kijana asidharau mlango mdogo. Jikoni, dobi, meli ya shehena, ghala la mabomba bandarini, kampuni ya kuchimba visima vya maji kijijini, zote ni ngazi. Ajifunze Kiingereza cha kazi, kwa kuwa amri za usalama juu ya mtambo hutolewa kwa lugha hiyo, na asiyezielewa ni hatari kwa wenzake. Atunze afya na nidhamu yake, kwani pombe na mihadarati ni marufuku katika mitambo ya baharini na vipimo hufanywa.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana amekwisha ambiwa mahali pa kuinama: kwenye ufagio wa sitaha, kwenye matope ya Momba, kwenye birika la kujifunzia kujiokoa. Lakini yako mambo asiyoyaweza peke yake. Hawezi kuiamuru kampuni impokee, wala kulipia cheti kwa fedha asizonazo. Hayo ni ya Wizara, ya Mamlaka na ya wakuu wa mikoa, nayo hayahitaji kungoja kisima cha kwanza cha Zanzibar. Yaanze sasa, maana meli ikifika haitangoja vijana wetu wajifunze.