Nyutroni za Kimondo cha Mbozi

Ukitoka Vwawa kwenda kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, utakikuta Kimondo cha Mbozi: bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, linalokadiriwa kuwa na tani kati ya 12 na 16. Mpima ardhi W. H. Nott alikitolea taarifa mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakikijua tangu zamani. Waliochimba kukizunguka walikiachia nguzo chini yake, ndiyo maana leo kinaonekana kama mzee aliyekaa kwenye kigoda. Uso wake una mabonyeo kama ya kidole gumba kwenye tonge la ugali, na ncha moja ina alama za msumeno za watu waliokata vipande vya kupeleka maabara. Humo walikuta asilimia 90 hivi ni chuma, na karibu 9 ni nikeli.

Wageni huuliza kimetoka wapi. Swali langu ni jingine: kwa nini bado ni chuma?

Kiini cha atomi ya chuma ya kawaida kina protoni 26 na nyutroni 30; zote kwa jina moja huitwa nukleoni. Ichomoe nyutroni moja uiache peke yake, na kwa wastani haitamaliza robo saa. Baada ya dakika 14 na sekunde 40 hivi itageuka protoni, huku ikitema elektroni na chembe nyepesi mno iitwayo antinyutrino. Lakini nyutroni za chuma hiki zimekaa mabilioni ya miaka bila kugeuka.

Anayeijua Tunduma ataelewa upesi. Pale mpakani mwa Tanzania na Zambia hupewi kwacha kama huna shilingi mkononi. Nyutroni iliyo peke yake ni nzito kidogo kuliko protoni na elektroni zikijumlishwa, kwa hiyo inamudu gharama ya kugeuka na chenji inabaki. Ikiwa ndani ya chuma hicho cha kawaida, yaani chuma-56, kugeuka kwake kungekifanya kiini kizima kuwa kobalti-56, ambacho ni kizito zaidi. Tofauti hiyo haina wa kuilipa. Nyutroni inakwama hapo hapo, na kukwama huko ndiko kunakokupa jembe, bati na reli ya TAZARA.

Uzito nao hupungua zikikaa pamoja. Kama ungeweza kukipasua kimondo cha tani 16 hadi kila nukleoni ikae peke yake, kisha ukazipima zote, mzani ungeongezeka kwa kilo 150 hivi: gunia moja na nusu la mahindi. Upungufu huo ni nishati iliyotoka nukleoni ziliposhikana, na kuzitenganisha ni lazima uirudishe yote.

Hapa msomaji makini atanipinga. Atasema nyutroni yenyewe haijabadilika, ila imebanwa na majirani, kama mlevi anayetulia mbele ya wakwe. Ni pingamizi la haki, na kwa miaka mingi wanafizikia wengi waliamini hivyo hivyo: kwamba nukleoni ni mfuko uliofungwa, na ndani yake kwaki tatu zinazunguka bila kujali mfuko umewekwa wapi. Nguvu inayofunga kiini ni ndogo mno ikilinganishwa na inayozishika kwaki. Nani angetarajia jirani aingie hadi chumbani?

Mwaka 1983 kundi la watafiti katika maabara ya CERN, Geneva, lilitoa matokeo yaliyovunja imani hiyo. Walipiga viini kwa muoni, ambazo ni kama elektroni nzito, wakalinganisha chuma na hidrojeni nzito, ambayo kiini chake ni protoni moja na nyutroni moja tu. Ndiyo, chuma, kile kile kilicholala Ndolezi. Walitarajia hesabu zifanane. Zikatofautiana: katika chuma, kwaki zenye mwendo mkubwa zilikuwa chache kuliko ilivyopaswa. Majaribio yaliyofuata Marekani yalithibitisha kwamba upungufu huo upo, na kwamba hukua kadiri kiini kinavyokuwa kikubwa.

Tangu hapo ubishi haujaisha. Wako wanaosema kila nukleoni ndani ya kiini huvimba na kulegea kidogo. Wengine, wakitegemea majaribio ya Jefferson Lab kule Virginia, wanasema nyingi hubaki zilivyo, ila takriban moja kati ya tano, kwa wakati wowote, huwa imesogeleana mno na mwenzake, mara nyingi protoni na nyutroni, na wawili hao kwa kitambo kidogo hubadilika sana. Mimi naegemea upande wa pili, kwa kuwa viini vyenye jozi nyingi za namna hiyo ndivyo vyenye upungufu mkubwa. Hata hivyo, kwenda pamoja si kusababishana.

Ndani ya kiini, nafasi yenyewe ya kukwepana haipo. Kimondo chote, kikikandamizwa hadi kifikie msongamano wa kiini chake chenyewe, kingebaki chembe ya upana wa milimita 0.05 hivi, nyembamba kuliko unywele. Hapo nukleoni zinakaribia kugusana. Kuna mahali ambapo ulimwengu umevuka hata hapo: nyota ya nyutroni, yenye uzito kuliko Jua lakini upana wa kilomita 25 hivi, pungufu ya safari ya Vwawa hadi Tunduma. Ganda lake la nje ni la viini vya chuma. Ukishuka, elektroni husukumwa ndani ya protoni, na ile biashara ya Tunduma hugeuka: sasa protoni ndizo zinazokuwa nyutroni. Katikati kabisa, ambako msongamano ni mara kadhaa ya ule wa kiini, mifuko huingiliana. Kama kwaki humwagika na kuchanganyika humo, au mifuko hustahimili, bado ni swali wazi. Vipimo vya upana na uzito wa nyota hizi ndivyo vinavyolijibu polepole.

Nyota ya namna hiyo hatutaigusa. Chuma cha Ndolezi kinagusika. Ukienda, weka kiganja juu yake. Msumeno uache nyumbani.