Makofi Hayaandikwi Kwenye Kadi!

Msomaji wangu, usione gofu ni ya vigogo tu. Sisi makedi tunaowabebea mifuko tunakula humo humo.

Jumamosi moja mzee wangu alikuja na weji mpya, ile fimbo ya kupiga mpira wa karibu. Mifereji yake mikali kama wembe! Shimo la mwisho anaongoza kwa pigo moja. Bendera iko mbele kabisa, na chini yake mchanga. Nikamwambia, "Mzee, ipitishe bendera, piga ya chini ijiviringishe." Wapi! Anataka urudi nyuma kama wa kwenye televisheni.

Mpira ukatua futi mbili toka shimoni, watu wakashangilia. Mara ukaanza kurudi, pole pole, mpaka mchangani. Kombe likaenda, na bakshishi yangu nayo ikaenda.

Kisa ni mifereji. Hiyo hushika ganda laini la mpira na kupisha maji na majani. Weji ya mchezaji wa kulipwa, akiipiga kwa nguvu zote, huzungusha mpira kama mara 9,000 kwa dakika. Ndiyo maana mwaka 2010 wakubwa wa gofu, USGA na R&A, walianza kuwabana wachezaji wa kulipwa kwa sheria ya kupunguza makali ya mifereji.

Basi mzunguko kiasi gani? Wa kutosha mpira udunde mara mbili, utulie. Futa weji kwa taulo kila pigo, maana udongo unaua mzunguko. Ukizidi, utapigiwa makofi, lakini makofi hayaandikwi kwenye kadi!