Siku Ngapi za Vyuma kwa Mtu wa Jembe?

Kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari pale Sumbawanga, wakulima wa Kifipa wana matuta yao ya mviringo yaitwayo ntumba. Jembe hupindua udongo pamoja na majani yake, majani yakafukiwa ndani, kisha tuta likaachwa. Jasho hutoka siku ya kulima, lakini rutuba huja baadaye, majani yanapooza, na mvua za msimu mwingine zikifika ndipo tuta husambazwa na ulezi kupandwa. Msuli nao hauongezeki chuma kikiwa mkononi. Kunyanyua kizito huuamsha mwili tu. Ujenzi hufanyika saa zinazofuata, mtu akiwa amekula na amelala. Vipimo vya maabara vya miaka ya 1990 vilionyesha kwamba kwa mtu asiyezoea mazoezi, msuli huendelea kutengeneza protini kwa kasi kubwa kuliko kawaida kwa muda unaofika siku mbili baada ya zoezi moja zito. Anayerudi kuuchosha msuli uleule kila asubuhi anavunja tuta kabla majani hayajaoza.

Hata hivyo, tukiishia hapo tutadhani siku zenyewe ndizo zinazojenga nguvu, na sivyo. Mwaka 2018 Jozo Grgic na wenzake walikusanya tafiti zilizolinganisha watu waliofanya mazoezi siku moja, mbili, tatu au zaidi kwa wiki. Kwa kutazama juujuu, wenye siku nyingi walipata nguvu zaidi. Lakini watafiti walipoangalia zile tafiti ambazo jumla ya kazi ya wiki ilikuwa sawa kwa makundi yote, tofauti hiyo haikuonekana tena kwa uhakika. Siku, basi, ni magunia ya kubebea mzigo. Chukua mtu anayetaka kuchuchumaa na chuma begani raundi tisa kwa wiki. Akizimaliza zote Jumamosi, raundi za mwisho atazifanya magoti yakitetemeka na mgongo ukipinda, na atalazimika kupunguza uzito. Akizigawa tatu tatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila raundi ataifanya akiwa na nguvu zake. Kuna sababu nyingine inayomhusu hasa anayeanza. Moritani na deVries walionyesha mwaka 1979 kwamba nguvu za wiki za mwanzo hutoka zaidi kwenye mishipa ya fahamu inayojifunza kuuamrisha msuli, kabla msuli wenyewe haujanenepa. Kujifunza kunataka kurudiarudia. Kwa hiyo siku mbili au tatu zinamtosha mtu wa kawaida, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wasipungue siku mbili.

Hapo mtu wa Laela au Matai, huko huko Ufipa, ana haki ya kuuliza: mbona mkulima hushika jembe siku sita mfululizo na ana nguvu kuliko kijana wa jimu? Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Ni kweli ana nguvu, na ana stahamala ambayo vyuma havimpi mtu. Lakini jembe la mwaka huu lina uzito uleule wa jembe la mwaka jana. Mwili ukishaumudu mzigo, hauna sababu ya kuongeza nguvu. Unajifunza tu kuubeba kwa muda mrefu zaidi. Daktari Thomas DeLorme wa jeshi la Marekani alilielewa jambo hili alipowatibu askari walioumia miguu, akaandika mwaka 1945 kwamba misuli yao inahitaji uzito mkubwa unaoongezwa hatua kwa hatua. Miaka michache baadaye alipunguza raundi nyingi alizoanza nazo hadi tatu, maana alikuta chache zinatosha. Makopo mawili ya zege yaliyounganishwa kwa bomba yanaweza kufanya kazi hiyo uani kwa mtu yeyote, ilimradi kopo la mwezi ujao liwe zito kidogo kuliko la leo.

Kosa ninaloliona kubwa zaidi ni kuzihesabu siku za vyuma bila kuzihesabu siku za shamba. Mgongo, mabega na mikono havijui kama uchovu umetoka jimu au kwenye ntumba. Kati ya Novemba na Aprili, mvua zinaponyesha na kazi imebana, anayelima mchana kutwa kisha akajilazimisha vyuma siku tatu anakopa mahali ambapo hatalipa. Na hana haja ya kufanya hivyo. Utafiti wa Bickel na wenzake wa mwaka 2011 uliwapa watu wiki 16 za mazoezi ya siku tatu, kisha ukawapunguzia baadhi yao hadi siku moja kwa wiki kwa wiki 32. Nguvu zao kwa sehemu kubwa zilibaki; wazee ndio waliopoteza ukubwa wa misuli. Mkulima kijana, basi, atumie siku moja kulinda alichonacho wakati wa masika, na kiangazi arudi kwenye siku tatu za kuongeza.

Wapo wanaonyanyua kila siku na wanazidi kukua. Wengi wao hugawa mwili, leo miguu, kesho kifua, hivyo kila msuli hupata mapumziko yake. Anayeweza kumudu ratiba hiyo na afanye. Suala la chakula ni gumu zaidi. Mkoa wa Rukwa, ndiko Ufipa kuliko, unalisha maghala ya nchi kwa mahindi, lakini ugali peke yake haujengi msuli, na hakuna idadi ya siku itakayoziba pengo la maharage, dagaa au migebuka ya Ziwa Tanganyika mezani.

Anayesema umri umempita asikilize habari ya mwaka 1990. Daktari Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, waliwachukua wazee dhaifu kumi wenye umri wa miaka 90 hivi, wakawapa mazoezi ya uzito ya miguu siku tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao wakaacha kutembelea mikongojo.