Askari Mtakatifu na Mipaka ya Upanga Wake

Katika michezo ya kuigiza ambayo vijana wetu hucheza, wengi huchagua kuwa askari mtakatifu, apiganaye kwa jina la Mungu. Ndugu waamini, je, kusudi takatifu huhalalisha kila pigo?

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba vita ya haki yadai mambo matatu: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Makleri aliwakataza kupigana. Nayo Katekisimu (namba 2313) yaagiza raia, majeruhi na mateka watendewe kwa utu.

Sisi wa Ntalikwa, katika nchi hii ya Tabora iliyopitiwa na misafara ya pembe na watumwa, tunao mfano wa karibu. Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, alifika Mpala, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1887, awalinde wanyonge dhidi ya wakamata watumwa. Alikuwa mlei. Kuhusu mamlaka yake twaweza kujadiliana, kwa kuwa alitumwa na Kadinali Lavigerie, si na mfalme. Lakini nia yake ilionekana vita vilipokwisha: hakurudi kwao kutafuta sifa. Alikuwa amemwoa Agnes Atakaye mwaka 1888, akaishi na watu aliowalinda hadi kufa kwake mwaka 1927.

Basi wazazi, tuwaulize watoto wetu wachezapo: Nani amekutuma? Unamtetea nani? Na aliyeshindwa utamtendeaje?