Kitufe cha 9 na simu ya kuchati

Msomaji mmoja wa Same ameuliza swali. Ameikuta dukani Nokia Asha 210 ya mtumba, simu ya bei poa yenye kibodi kamili ya herufi chini ya kioo na kitufe maalumu chenye nembo ya WhatsApp. Mama yake analima tangawizi Mamba, milimani, na amezoea kitochi chake cha miaka mingi. Simu ya kupangusa hataki hata kuishika. Je, amnunulie hiyo ili mama naye awe kwenye kundi la wakulima na kufuata bei?

Kwa kuchati WhatsApp, asiinunue. Sababu nitaitoa mbele. Lakini swali lake linatupeleka kwenye jambo ambalo wauza simu hawalisemi: Kiswahili kina ugomvi wa kweli na kibodi ya namba, na simu kama Asha 210 ilikuwa imeumaliza.

Sifa nyingine nazipita. Simu ilitangazwa Aprili 2013 kwa bei ya kama dola 72, ina kioo cha inchi 2.4, kamera ya megapikseli 2, Wi-Fi, na betri inayokaa na chaji siku nyingi. Inatosha. Tuje kwenye vitufe.

Kitochi cha kawaida kina vitufe vinane vinavyobeba herufi, kuanzia 2 hadi 9, na herufi 26 zimegawanywa humo: abc kwenye 2, def kwenye 3, ghi kwenye 4, jkl kwenye 5, mno kwenye 6, pqrs kwenye 7, tuv kwenye 8 na wxyz kwenye 9. Mpangilio huu ulianzia kwenye simu za mezani za Marekani, ambako herufi ziliwekwa ili kukumbuka majina ya vituo vya simu. Q na Z hazikuwamo kabisa, zikaongezwa baadaye. Baadaye tena ukawa kanuni ya kimataifa inayoitwa E.161. Aliyeupanga alifuata alfabeti tu, wala hakuwa na lugha yetu kichwani.

Sasa shika kitochi uandike "hii". Herufi h iko kwenye 4, na i pia iko kwenye 4. Unabonyeza mara mbili upate h, unasubiri simu ikubali, unabonyeza mara tatu upate i, unasubiri tena, kisha mara tatu nyingine. Mabonyezo manane juu ya kitufe kimoja, na kusubiri mara mbili, kwa neno la herufi tatu. Andika "baba": neno zima liko kwenye kitufe cha 2, na unasubiri mara tatu. "Mno" liko lote kwenye 6. Silabi "tu", iliyo ndani ya mtu, watu, kitu, vitu na tunda, iko yote kwenye 8.

Tabu hii inatokana na umbo la silabi zetu. Kiswahili hupenda konsonanti ifuatwe na irabu, na kila irabu kati ya zile tano ina kitufe chake, ikikaa humo na konsonanti: a kwenye 2, e kwenye 3, i kwenye 4, o kwenye 6, u kwenye 8. Kwa hiyo ba, de, hi, mo, no, tu na vu ni silabi za kitufe kimoja, na zote ni za kila siku. Ongeza kwamba Kiswahili sanifu hakitumii q wala x. Q inakaa kabla ya r na s. X inakaa kabla ya y na z. Kila unapoandika "sisi" unaipita q mara mbili, na mabonyezo yanafika 14 kwa herufi nne. Kila unapoandika "ya" unaipita x.

Wenyeji wa milima ya Upare watanielewa haraka nikitumia ndiva, lile bwawa la jadi linalokusanya maji ya kijito usiku, yakafunguliwa asubuhi kuingia mferejini. Chukua ndiva kama ile ya Manoo kule Bangalala. Mlango wa maji ni mmoja, mashamba ni mengi. Ukisimama mlangoni ukaona maji yanatoka, hujui ni ya nani mpaka ujue zamu. Kitufe cha 9 ni mlango wa aina hiyo, na w, x, y na z ni mashamba manne yanayoutegemea. Njia ya kwanza ya kugawa ni kuhesabu: ukifunguliwa mara moja maji ni ya shamba la kwanza, mara mbili la pili, mara tatu la tatu. Zamu mbili zikifuatana kwenye mlango uleule, lazima ufungwe kwanza watu wote waone kwamba ya mwanzo imekwisha, la sivyo hesabu zinachanganyika. Huko ndiko kusubiri kati ya h na i. Njia ya pili ni kufungua mara moja tu kwa kila zamu na kumwachia mzee mmoja aamue maji yaende wapi, kwa kuwa anayajua mashamba yote na anakumbuka ni yapi hunyweshwa mara nyingi. Njia ya tatu ni kila shamba kuchimbiwa mfereji wake kutoka bwawani. Kazi ya kuchimba ni kubwa zaidi, lakini hakuna tena anayeuliza zamu ya nani.

Kitochi cha zamani kilitumia njia ya kwanza. Asha 210 ilitumia ya tatu. Ya pili ndiyo yenye utamu wote, na jina lake ni T9.

T9 ilibuniwa na kampuni ya Tegic ya Seattle katika miaka ya 1990, na wengi wetu tuliikuta kwenye simu kama Nokia 3210 ya mwaka 1999. Unabonyeza kila kitufe mara moja tu. Simu inachukua mfululizo wa namba, inatafuta kwenye kamusi yake maneno yote yanayoweza kuandikwa kwa namba hizo, na kukupa lile linalotumika zaidi. Likiwa silo, unabonyeza kitufe kingine kuleta linalofuata.

Maneno hayo yanayochangia namba hayana jina la Kiswahili linaloniridhisha. Si visawe, kwa sababu visawe vina maana moja. Si homonimu, kwa sababu homonimu hufanana umbo. "Maneno tata" ni jina pana mno, linabeba kila fumbo la lugha. Nayaita pacha wa tarakimu.

Lugha yetu ina pacha wa tarakimu kila kona. Kaka na lala wote ni 5252. Kula na kuja ni 5852. Sisi na pipi ni 7474. Bonyeza 5862 na simu haijui kama unasema kuna, kuoa au Juma. Wewe na yeye, watu wawili tofauti kabisa katika mazungumzo yoyote, wote ni 9393.

Pacha wa namna hii wamo hata katika Kiingereza, na msomaji huwatambua kwa muktadha. Kwetu hali ni nzito zaidi, kwa sababu sarufi yetu hukaa katika herufi moja moja mwanzoni mwa maneno, na herufi hizo zimekusanyika kwenye vitufe vilevile. Wa, ya na za ni 92. Wangu, yangu na zangu ni 92648. Sasa tazama neno "nyumba", ambalo halibadiliki umoja na wingi. Nyumba yangu, nyumba zangu: kinachomwambia msomaji kama ni moja au tano ni y au z peke yake, na zote mbili ziko kwenye 9. Hata mzee wa ndiva mwenye akili kuliko wote, akiwa ameliona neno lililotangulia, hana pa kushika. Vivyo hivyo kwa simu yangu na simu zangu, kazi yake na kazi zake.

Nenda kwenye vitenzi. Ki na li ziko kwenye 54 zote mbili. Kwa hiyo kitabu kimepotea na shamba limepotea vina kitenzi kilekile cha tarakimu. Lakini ki na li ni zaidi ya ngeli, ni nyakati pia. Alilipa ni 2545472. Akilipa ni 2545472. Mkulima wa Mamba anayemwandikia dereva wa gari la mzigo "akilipa, mpakilie" anaweka sharti. Simu ikimwandikia "alilipa, mpakilie", imetoa ruhusa. Tofauti kati ya sharti na habari ya jambo lililokwisha ni tofauti ya gunia la tangawizi kuondoka au kubaki, na kwenye kitufe cha 5 tofauti hiyo haipo.

Kuna shida ya pili, ya kamusi. T9 ya kawaida hujua maneno mazima. Kiswahili hujenga maneno papo hapo. Chukua shina moja, -pend-. Weka nafsi sita za mtenda, nyakati nne za na, li, ta na me, kisha nafsi za mtendwa: nakupenda, walitupenda, mtanipenda. Ukijumlisha na yasiyo na mtendwa, shina moja limekwisha kutoa zaidi ya maneno mia, na bado hatujagusa pendana, pendeza, pendwa, pendelea, wala ukanushi, wala -po- na -ye-. Hakuna kamusi ndogo ya kitochi inayoweza kuyaorodhesha yote. Dawa ni simu kujua kanuni za kuunda neno, na hilo linawezekana: viambishi vyetu vinafuata mpangilio usioyumba, na kanuni chache huchukua nafasi ndogo kuliko maelfu ya maneno. Simu kadhaa ziliwekewa Kiswahili. Hata hivyo, tuseme tu kwamba walioacha T9 wakarudi kubonyeza mara nyingi walikuwa na sababu nzuri.

Kibodi kamili inayamaliza yote kwa mara moja. Y ina nafasi yake, z ina nafasi yake, k na l kila moja peke yake. Akilipa ni akilipa. Nyumba zangu ni zangu. Na kibodi hiyo haiulizi lugha: mwandishi wa Same anayeanza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Chasu, lugha ya Wapare, haingiliwi na kamusi isiyomjua. Ndiyo maana nasema wabunifu wa simu hizi walitupatia kitu kikubwa kuliko walivyokusudia. Wao walitaka vijana wachati. Kwetu waliirudisha sarufi mahali pake.

Basi kwa nini nimesema asiinunue? Kwa sababu herufi zimo ndani ya simu, ila WhatsApp haimo. Iko kwenye mitambo ya kampuni nyingine, na kampuni hiyo ndiyo huamua simu ipi ihudumiwe. Aprili 2014 Microsoft ilikamilisha kuinunua biashara ya simu ya Nokia, na Julai mwaka huohuo ikatangaza kuacha kuziendeleza Asha. WhatsApp ikaacha kuzihudumia simu za Nokia za S40, Asha 210 ikiwa mojawapo, tarehe 31 Desemba 2018. Kitufe chenye nembo kinabaki kwenye kava, lakini hakimpeleki mtu popote. Tena simu yenyewe ni ya 2G, yenye intaneti ya polepole.

Vitochi janja vilivyofuata, kama Smart Kitochi ya Vodacom na Kitochi 4G Smart ya Tigo, vilitumia mfumo wa KaiOS na vilipata WhatsApp kwa muda. Tangu Juni 2024 WhatsApp haipakuliwi upya kwenye KaiOS. Zaidi ya hayo, vilirudi kwenye vitufe vya namba, na pacha wa tarakimu wakarudi navyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mnunulie mama simu ya kupangusa ya Android yenye 4G, mpya, hata iwe ya bei ya chini kabisa dukani. Kibodi yake ya kiooni inampa kila herufi nafasi yake, faida ileile ya Asha. Kabla hujampa, fanya mambo matatu. Piga *#06# uone namba ya IMEI, utambulisho wa simu, na uilinganishe na iliyo kwenye boksi. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi uchague Kiswahili, vinginevyo simu itasahihisha maneno yake kwa Kiingereza. Kisha mwonyeshe ujumbe wa sauti, atumie siku mikono ina udongo wa shambani. Kitochi chake asikitupe. Kwa kupiga na kupokea bado hakina mpinzani.

Na kwa vijana wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), na wataalamu wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI): mamilioni ya Watanzania bado wanaandika kwa vitufe vinane. Tengenezeni mfumo wa kuandikia unaojua ngeli, nyakati na viambishi vya Kiswahili, mdogo wa kutosha kuingia kwenye kitochi. Kanuni zimo tayari katika vitabu vya sarufi. Kinachosubiriwa ni mtu wa kuziandika kwa lugha ya mashine.