Je, Wajua? Jitu la Lindi
Kiunzi cha dinosaria kirefu kuliko vyote vilivyosimamishwa katika makumbusho duniani kilitoka mkoa wa Lindi, Tanzania. Leo kiko Berlin, Ujerumani. Kimo chake ni mita 13.27!

Mifupa hiyo ilifukuliwa katika kilima cha Tendaguru mkoani humo, kati ya 1909 na 1913. Miamba yake ina umri wa takriban miaka milioni 150. Kati ya tabaka za mifupa kuna tabaka za makombe ya pwani. Yanaonyesha kuwa bahari ilipanda, ikashuka, ikapanda tena.

Zaidi ya tani 200 za mifupa kutoka Tendaguru zilifika bandarini Lindi bila reli. Wapagazi walizibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi hasa.